Tafuta Waridi kwa Pua: Vidokezo kwa Wapenda Bustani wa Mishamo

Mawaridi mekundu yanayouzwa mijini kila ifikapo Februari 14 yamewazoesha vijana wengi kuamini kwamba waridi ni ua la macho tu. Ukilisogeza puani unakutana na harufu ya majani mabichi, na pengine hata hiyo haipo. Waridi la namna hiyo limelelewa kwa ajili ya safari. Mashamba ya Naivasha na ya Arusha hulikata likiwa bado tumba, hulipoza ghalani na kulipakia ndegeni, na likifika Ulaya linatakiwa likae siku kadhaa kwenye chombo bila kunyauka. Wanaozalisha aina hizo wamechagua shina refu, petali ngumu na uvumilivu, kizazi baada ya kizazi. Harufu haikuwa kwenye orodha yao.

Waridi la bustani lina maisha mengine. Linachanua hatua kumi kutoka mlangoni na hakuna anayelisafirisha, kwa hiyo linaruhusiwa kuwa laini, kupukutika baada ya siku tatu, na kunukia mpaka barazani. Makala hii ni ya msomaji wa Mishamo, na wa Katavi kwa jumla, anayelitaka waridi la aina hiyo. Mazingira ya huku yana mambo yake: mvua huanza Novemba na kukatika Aprili, kisha kiangazi hadi Oktoba; ardhi ya miombo ni ya kichanga na ina uchachu; mchwa wako kila mahali. Lakini jua lipo tele, na watu waliozoea kitalu wapo tele pia. Anayeweza kuanza na mbegu za tumbaku, ndogo kama vumbi, akafikisha majani yake kwenye bani la kukaushia, huyo hashindwi na waridi.

1. Funga macho, nusa

Pua ndiyo ichague kwanza, rangi ije baadaye. Nenda asubuhi, umande ukishakauka na jua kali halijafika, kati ya saa mbili na saa nne. Tafuta ua lililofunguka nusu. Tumba bado limeifungia harufu yake, na ua lililokwisha kulegea limeshaimaliza. Lizungushie kiganja, lipumulie pumzi ya joto mara moja, kisha vuta taratibu. Joto ndilo linaloitoa harufu kwenye petali.

Utagundua upesi kwamba mawaridi hayanukii namna moja. Kuna harufu nzito ya marashi, ambayo watu wa bustani huiita ya damaski. Kuna ya majani makavu ya chai, kuna ya matunda yaliyoiva, kuna yenye ukali wa karafuu, kuna ya manemane, na kuna miski. Miski ina ajabu yake: haitoki kwenye petali, inatoka kwenye zile nyuzi za njano katikati ya ua, ndiyo maana waridi jembamba la petali tano linaweza kunukia kuliko jirani yake lenye petali mia. Rudi siku nyingine, saa nyingine, unuse tena kichaka kile kile. Siku ya mawingu na baridi, waridi lenye harufu linaweza kukaa kimya kabisa. Likinukia safari zote mbili, hilo ni la kulifuatilia.

2. Usidanganywe kwamba mbolea italeta harufu

Wapo wauza miche watakaokwambia kwamba waridi lisilonukia litanukia likishapata samadi. Halitanukia. Mwaka 2015 watafiti wa Ufaransa walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kulinganisha mawaridi mawili: ‘Papa Meilland’, linalonukia sana, na ‘Rouge Meilland’, ambalo harufu yake ni hafifu mno. Kwenye la kwanza walikuta kimeng’enya kinachofanya kazi kwa bidii kutengeneza jeranioli, mojawapo ya viungo vikuu vya harufu ya waridi. Kwenye la pili kazi hiyo karibu imezimika. Harufu ni urithi wa aina yenyewe. Samadi, maji na jua husaidia waridi lenye harufu litoe yote liliyonayo, na hapo ndipo mwisho wa uwezo wa mkulima. Kwa hiyo bidii kubwa iweke kwenye kutafuta, kabla hujashika jembe.

3. Bisha hodi

Huku kwetu waridi linalonukia halipatikani kirahisi dukani. Lipo kwenye nyua za watu. Anza na nyumba za zamani, parokia, nyumba za walimu, maeneo ya zahanati, mahali ambapo mtu mmoja alipanda kitu miaka mingi iliyopita na waliomfuata wakaendelea kukimwagilia. Misheni ya Karema, kando ya Ziwa Tanganyika na ndani ya wilaya yetu hii hii, ilianza 1885 Mapadre Weupe walipoichukua ngome iliyoachwa na Wabelgiji. Popote penye misheni ya umri mkubwa, usiondoke bila kuuliza habari za maua.

Kichaka ambacho kimekaa miaka kumi na mitano bila dawa na bila mtaalamu kimeshakufanyia jaribio ambalo hakuna kitabu kitakufanyia. Kimevuka viangazi kumi na vitano, kimekutana na mchwa wa hapo, na bado kinachanua. Waridi la namna hiyo, hata kama hakuna anayelijua jina, lina thamani kuliko mche wa bei kubwa wenye lebo ya kupendeza.

Omba kwa adabu, na usikate kabla ya kuomba. “Shikamoo mama. Nilikuwa napita, harufu ya maua yako ikanisimamisha. Ukija kupogoa, naomba pingili mbili.” Mwenye maua ya namna hiyo mara nyingi huwa na hamu ya kuyazungumza kuliko wewe. Muulize mambo matatu: linachanua mara ngapi kwa mwaka, majani yake yanakuwaje mvua ikizidi, na yeye alilitoa wapi. Jibu la swali la tatu ndilo litakalokupeleka kwenye nyumba inayofuata. Pingili zifunge kwenye kitambaa kilicholowa, juu yake jani la mgomba, ziende nyumbani siku hiyo hiyo.

Kwa wauza miche wa Mpanda mjini, Tabora au Sumbawanga sheria ni moja: nunua mche wenye ua, hata likiwa moja. Picha ya kwenye simu haina harufu. Ukiwa na safari ya Mbeya, Iringa, Lushoto au Arusha, jipe nusu siku ya kutembelea vitalu, maana nyanda za baridi zina mawaridi mengi. Na kama ndugu yuko nje ya nchi na anataka kukuletea mche mkobani, mwambie asifanye hivyo kimya kimya. Mimea inayoingia nchini inahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, TPHPA, na sababu ni ya maana: mche mmoja wenye ugonjwa unaweza kuleta balaa kwenye mashamba ya watu.

4. Majina machache ya kuweka akilini

Huna haja ya kukariri orodha. Lakini ukikutana na mtu anayejua anachokiuza, majina haya yatakusaidia kuongea naye.

‘Mister Lincoln’, la 1964, jekundu la kiza, lina harufu nzito ya marashi na halisumbuliwi na joto. Kama ningeambiwa nichague moja tu kwa ajili ya Mishamo, ningelichagua hili. ‘Double Delight’, la 1977, ni jeupe la maziwa lenye kingo nyekundu zinazozidi kukolea likipigwa na jua, na lina ukali wa viungo katika harufu yake. ‘Papa Meilland’, la 1963, lina harufu ya kumsimamisha mtu, ila ni dhaifu na linapenda kuugua. Mpe mwenye subira. ‘Gruss an Teplitz’, la 1897, ni la zamani, jekundu, lenye maua madogo yanayoinama. Limependwa sana India kwa sababu linavumilia joto na linakubali hata kupandwa kama uzio. ‘Souvenir de la Malmaison’, la 1843, ni la waridi hafifu na huchanua vizuri mno wakati wa ukavu. Mvua ikinyesha matumba yake hugandamana na kuoza kabla ya kufunguka, kwa hiyo furaha yake utaipata kiangazi.

Umaarufu usikupoteze. ‘Peace’, lililopewa jina hilo 1945 vita ikielekea ukingoni, ni miongoni mwa mawaridi mashuhuri kuliko yote duniani, lakini harufu yake ni ndogo. ‘Iceberg’ la 1958, jeupe, lina afya na linachanua bila kuchoka. Panda kwa ajili ya weupe wake, usilitegemee kwa pua. Mwingereza David Austin, aliyefariki 2018, alitumia maisha yake kurudisha umbo na harufu ya mawaridi ya kale kwenye miti inayochanua mara kwa mara, na ‘Gertrude Jekyll’ la 1986 ni mfano mzuri wa kazi yake. Ukilikuta kitaluni, nunua.

5. Waridi la Jebel Akhdar liache Omani

Kila mwenye ndugu Unguja, Tanga au Maskati anaijua chupa ya marashi ya Omani. Yanapatikana milimani Jebel Akhdar, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako wakulima huchuma mawaridi ya damaski kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei na kuyachemsha kupata maji yake. Ndiyo hayo yanayotiwa kwenye mrashi na kunyunyiziwa wageni harusini na maulidini pwani yetu.

Watu huonja harufu hiyo, wakataka mti wake. Tatizo ni kwamba damaski wa aina ile huchanua msimu mmoja tu kwa mwaka, na ili uchanue vizuri unahitaji miezi ya baridi kali. Mishamo hakuna baridi hiyo. Utapata kichaka cha majani na miiba, na subira yako itaishia hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa mawaridi mengine ya kale ya Ulaya.

Wokovu wetu ulitoka China. Mawaridi ya China, yaliyofika Ulaya kuelekea mwisho wa karne ya 18, yalikuwa na tabia ya kuchanua tena na tena bila kungoja baridi. Yalipochanganywa na ya Ulaya yakazaa aina mpya, na ‘La France’ la 1867 huhesabiwa kuwa mwanzo wa mawaridi ya kisasa ya bustani. Kwa hiyo ukiona kichaka cha zamani ambacho hakikosi ua karibu mwaka mzima, jua damu ya China imo ndani yake, na hicho ndicho kinachotufaa. ‘Old Blush’, mmoja wa wazee hao, bado unaishi kwenye bustani za nchi za joto.

6. Mahali pa kudumu

Mwaridi ukitunzwa huishi miaka ishirini na zaidi, kwa hiyo usiupande pale unapofikiria kujenga jiko. Wazee waliofika Mishamo 1978, makazi yalipofunguliwa kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi waliokimbia mauaji ya 1972, walikaa muda mrefu bila kujua kesho yao itakuwa wapi. Uraia wa watu zaidi ya 162,000 wa Mishamo, Katumba na Ulyankulu ulitangazwa 2010, na vyeti vikaanza kutolewa 2014, baada ya mpango wa kuwahamishia mikoa mingine kuachwa. Leo mtu wa Mishamo anaweza kupanda kitu cha miaka ishirini, na nadhani nafasi hiyo inastahili mmea mzuri.

Upe mwaridi jua la saa sita kwa siku, hasa la asubuhi. Kivuli kidogo cha alasiri hakina ubaya. Angalia upepo wa jioni unatoka upande gani, upande miwaridi upande huo wa baraza, ili harufu ije kwa waliokaa. Kati ya mche na mche iwe mita moja, hewa ipite.

7. Oktoba pogoa, Novemba chomeka

Kazi hizi mbili zinakwenda pamoja, na wengi huzitenganisha bure. Mwishoni mwa Oktoba, mvua ikiwa inanukia tu, pogoa kichaka chako au cha jirani: ondoa matawi makavu yote, yanayosuguana, na yale membamba, kisha punguza yaliyobaki kwa theluthi moja hivi. Kata kwa mshazari juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Ukifanya hivyo mapema, wiki sita hadi nane baadaye maua ya Krismasi yatakuwa tayari. Matawi uliyoyakata ndiyo mbegu yako.

Si kila tawi linafaa. Chukua lile ambalo ua lake limepukutika karibuni, unene wa penseli. Sukuma mwiba kwa upande kwa kidole gumba: ukivunjika kwa urahisi na kuacha kovu safi, tawi limekomaa kiasi kinachotakiwa, ukijipinda, bado changa. Kata pingili ya sentimita 15 hadi 20, sehemu ya chini ukiikata chini tu ya jicho. Ondoa majani yote ya chini, bakiza mawili ya juu, nayo uyapunguze nusu. Kwangua ganda la upande mmoja pale chini, urefu wa sentimita mbili, hapo ndipo mizizi hupenda kutokea. Wengi huchovya kwenye ute wa mshubiri kabla ya kuchomeka.

Usifanye kama pingili za muhogo, kuzipeleka shambani moja kwa moja. Jua litazikausha kwa siku chache. Weka kwenye viriba vyenye nusu mchanga wa mtoni na nusu udongo wa msituni, macho mawili yawe ndani ya udongo. Mwagilia, kisha funika kila pingili kwa chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa kitako, kizibo ukikiondoa mchana ili isipike. Weka chini ya mwembe, au upenuni mahali ambapo mvua kubwa haipigi moja kwa moja. Kuanzia hapo ni wiki nne hadi nane. Usivute kuangalia kama pingili imeshika. Mizizi ya kwanza ni kama nywele na hukatika kwa mvuto huo huo. Ikitoa tumba la ua, likate bila huruma, nguvu zirudi chini. Ukiona mizizi inachungulia kwenye matundu ya kiriba, mche uko tayari. Upande ifikapo Januari au Februari, ili uwe na miezi ya kujizatiti kabla ya kiangazi.

Mche unaotokana na pingili una faida nyingine: mzizi na ua ni kitu kimoja. Miche ya kununua mara nyingi imebebeshwa juu ya shina la aina nyingine, na mashamba makubwa ya Afrika Mashariki hutumia sana ‘Natal Briar’ kwa kazi hiyo. Chochote kinachochipua chini ya kiungo king’oe, la sivyo baada ya miaka miwili utakuwa na waridi usilolijua.

8. Udongo wa kichuguu ni mali

Chimba shimo la sentimita 50 kila upande na kina hicho hicho. Udongo wa juu weka kando, wa chini utawanye. Rudishia wa juu ukiwa umechanganywa na debe moja la samadi iliyooza kabisa, isiyo na joto wala harufu, na debe moja la udongo wa kichuguu kilichohamwa na mchwa. Udongo huo una mfinyanzi, hivyo unashika maji ambayo kichanga chetu hakiyashiki, na kwenye miombo mara nyingi una chokaa nyingi kuliko ardhi inayouzunguka, jambo linalopunguza uchachu. Waridi hupenda uchachu mdogo tu, pH ya 6 hadi 6.5. Hakikisha kichuguu kimekufa kweli kabla hujakibeba.

9. Mchwa

Hawa ndio mtihani mkubwa wa huku, na wengi waliokata tamaa na mawaridi walishindwa na mchwa wakidhani wameshindwa na ukame. Kwa kweli mambo hayo mawili yameshikana. Mchwa hupenda zaidi mti uliokufa au unaokufa. Kichaka kinachopata maji ya kutosha huwashinda. Kile kilichokauka Septemba huwaita.

Fanya haya. Wakati wa kuchimba shimo, toa kila kipande cha mzizi mkavu na kijiti. Usitie samadi mbichi wala pumba. Matandazo ya nyasi ni mazuri sana kwa kuhifadhi unyevu, lakini yasiguse shina. Acha upana wa viganja viwili pakiwa wazi pande zote, ili njia za udongo za mchwa uzione zikianza. Pogoa visiki vyote vilivyokauka kwenye kichaka, maana humo ndimo wanamoingilia. Kisha chukua majivu ya bani. Mwenye bani la tumbaku anayo mengi kuliko anavyojua afanyie nini: konzi mbili kuzunguka shina mara moja kwa mwezi wakati wa kiangazi, na tena mvua ikiyasafisha. Usizidishe, majivu mengi huharibu udongo. Kama kichuguu hai kiko mita chache kutoka bustanini, fukua umtoe malkia. Bila hivyo utapigana kila mwaka.

10. Ndoo moja, mara mbili kwa wiki

Mwaridi mkubwa unataka ndoo ya lita 20 mara mbili kwa wiki kuanzia Mei hadi Oktoba. Kumwaga kikombe kila jioni ni kuzoesha mizizi ikae juu, mahali inapoungua. Tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka shina, mimina taratibu, asubuhi, na usilowanishe majani. Maji ya kuoshea vyombo na mboga yanafaa. Yenye dawa ya kuondoa madoa au magadi yasiguse bustani.

11. Mfuko wa tumbaku una kazi nyingine

Mbolea ya NPK 10:18:24 ambayo wakulima wa tumbaku wa Tanzania wanaijua vizuri ni nzuri kwa waridi, kwa sababu nitrojeni yake ni ya wastani na potasi ni nyingi. Vijiko viwili vya chakula kwa kichaka kikubwa mvua zikishakolea, duara la kiganja kimoja na nusu kutoka kwenye shina, kisha fukia. Rudia mara moja Februari. Urea iache kwenye mahindi: italeta majani manene, vidukari, na maua machache.

12. Madoa na wadudu

Mvua ikikolea utaona madoa meusi ya mviringo kwenye majani, pembeni yanageuka njano, kisha jani linaanguka. Ni kuvu. Okota majani yote yaliyoanguka na uyachome, pogoa katikati ya kichaka hewa ipite, na kama aina hiyo inapukutika mpaka kubaki fito kila mwaka, ing’oe upande nyingine. Maisha ni mafupi na mawaridi ni mengi.

Vidukari, wale wadudu wa kijani wanaojaa kwenye matumba, waondoe kwa maji yenye sabuni kidogo, siku tatu mfululizo. Maji ya tumbaku yaliyolowekwa usiyatumie, hata kama majani unayo bure. Nikotini hupenya kwenye ngozi, na kila aliyevuna tumbaku mbichi yenye umande anajua kizunguzungu na kichefuchefu chake. Pia huua nyuki, na Katavi ni nchi ya asali. Dawa yoyote utakayolazimika kupuliza, pulizia jioni nyuki wakiwa wamerudi mizingani.

13. Mbuzi

Zungushia matawi ya miiba, au usipande kabisa.

14. Chuma alfajiri

Huko Kazanlak nchini Bulgaria, ambako waridi hulimwa kwa ajili ya mafuta ya manukato, wachumaji huingia shambani kabla jua halijapanda, kwa sababu joto la mchana huipeperusha harufu. Kilo moja ya mafuta hayo huhitaji kati ya tani tatu na tano za petali. Huwezi kufika huko kwa vichaka vinne, lakini maji ya waridi ya nyumbani yanawezekana, mradi hujapuliza dawa.

Weka jiwe safi katikati ya sufuria, zungushia petali, tia maji yafunike petali tu. Juu ya jiwe weka bakuli. Funika kwa mfuniko uliopinduliwa, kishikio kielekee chini juu ya bakuli, na juu ya mfuniko tia maji ya baridi. Moto uwe mdogo kabisa. Mvuke utapanda, utagonga ubaridi, na kudondokea bakulini tone kwa tone. Acha dakika thelathini hivi. Ukizidisha utapata maji yenye harufu ya majani yaliyochemshwa. Weka kwenye chupa safi yenye kizibo, mahali pa baridi, utumie ndani ya wiki chache: kunawa uso, kutia kwenye kaimati, kumnyunyizia bibi harusi.

15. Gawa mapema

Usikae na mwaridi wenye harufu peke yako. Kiangazi kimoja kibaya, mbuzi mmoja aliyekata kamba, na aina iliyokaa kijijini miaka ishirini imepotea, kwa kuwa dukani hakuna pa kuirudisha. Novemba ijayo, baada ya kupogoa, chomeka viriba sita. Viwili viwe vyako. Vinne vilivyobaki vipeleke shuleni, kwenye zahanati, kanisani au msikitini, na kwa yule mama uliyebisha hodi kwake kuomba. Kila anayepokea mwambie linaitwaje kama jina unalijua, limetoka nyumba ya nani, na linataka ndoo ngapi kiangazi.